Kalemie: Maji ya ziwa hayaondoki na mvua

Mvua ikikatika, mto hushuka. Ziwa Tanganyika halina haraka hiyo. Mwaka 2021, na tena 2024, lilipanda likaingia kwenye nyumba za Kalemie zilizo karibu na ufuo, na maji yakakaa kwa wiki nyingi. Turubai na unga wa siku chache vinasaidia, lakini vimepimwa kwa janga fupi. Na mji wenyewe ulikuwa tayari na maelfu ya waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba.

Wanaohamishiwa sehemu za juu wana shida nyingine: ndagala hawavuliwi mlimani. Mvuvi huacha watoto kwenye turubai, akarudi kulala karibu na mtumbwi.

Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na uko hapo hapo Kalemie. Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874, ulikuwa umezibwa na majani. Miaka michache baadaye ziwa liliuvunja lenyewe. Kuuzibua leo si kazi ya Kalemie peke yake. Ziwa ni la nchi nne, na Bujumbura, yaliko makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, nako maji yameingia majumbani.