Jangwani: Mto Unapodai Nafasi Yake

Agosti 2015, ndani ya wiki moja, kambi mbili kubwa za siasa za Tanzania zilizindua kampeni zao za urais katika uwanja uleule. CCM ilitangulia, Ukawa, muungano wa upinzani uliojumuisha Chadema, ikafuata, na zote mbili zilichagua Jangwani, Dar es Salaam. Hakukuwa na la kushangaza hapo. Mkutano wa watu wengi unataka eneo pana, tambarare, lililo karibu na Kariakoo na linalofikika kwa miguu kutoka Magomeni, Ilala na Upanga. Viwanja vya Mnazi Mmoja ni vidogo. Linalostahili kushangaza ni jambo jingine: katika jiji ambalo hata kichochoro hakikosi mwenyewe, eneo kubwa hivyo limebakije wazi katikati kabisa ya mji?

Jibu linapita pembeni mwa uwanja. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Mto Msimbazi ni kijito cheusi ambacho abiria wa mabasi ya mwendokasi hawageuzi hata shingo kukitazama. Ikija masika, mto huo huo hupanda barabarani, polisi hufunga Barabara ya Morogoro kati ya Fire na Magomeni, na jiji hugawanyika vipande viwili. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakazi wa mabondeni, na Serikali ikahamishia mamia ya kaya Mabwepande. Uwanja wa Jangwani haukubaki wazi kwa hisani ya wapimaji ardhi. Mto ndio ulioulinda, kwa kumfukuza kila aliyejaribu kujenga.

Tabia hii haitokani na hasira. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hukimbia kilomita zipatazo 35, kisha huingia baharini pale kwenye Daraja la Salender. Huko juu mteremko ni mkali, na maji yenye kasi hubeba mchanga, udongo na takataka. Yakifika Kigogo na Jangwani ardhi inakuwa karibu sawasawa na meza, kasi inakufa, na maji yasiyo na kasi hayana nguvu ya kuendelea kubeba mzigo. Yanautua hapo hapo. Kwa hiyo kina cha mto hupungua mwaka hadi mwaka, nafasi chini ya daraja la Jangwani nayo hupungua, na mvua ambayo miaka 30 iliyopita ingepita kimya sasa inafurika. Ongeza bahari. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani ya Dar es Salaam hupita mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mto hukuta mlango wake umefungwa, na maji hurudi kutafuta pa kukaa. Pa kukaa ni Jangwani.

Wataalamu huliita eneo la namna hii uwanda wa mafuriko. Kwa maneno mengine, Jangwani ni mto wenyewe, ila ni ile sehemu inayotumika siku chache tu kwa mwaka. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde haya kuwa maeneo hatarishi yasiyofaa kujengwa. Nyumba zilijengwa hata hivyo, na baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikawekwa humo humo bondeni. Tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2016 karakana hiyo imekumbwa na mafuriko mara kadhaa. Kwa maoni yangu hilo ni kosa gumu zaidi kulielewa kuliko la mkazi maskini aliyejenga kibanda kwa kukosa pa kwenda.

Dar es Salaam haiko peke yake. Ukichunguza miji mingi duniani utakuta viwanja vya maonyesho, vya farasi au vya sarakasi vimekaa kando ya mito, kwa sababu ile ile: hiyo ndiyo ardhi iliyokuwa rahisi, pana na isiyotakiwa na wajenzi. Calgary, Kanada, huwa na maonyesho makubwa ya Stampede kila Julai, katika viwanja vilivyo kwenye kona ya Mto Elbow. Juni 2013 mto huo ulifurika ukaingia hadi kwenye viti vya ukumbi mkubwa wa michezo uliomo humo. Waandaaji walikuwa na wiki mbili tu. Walisukuma tope mchana na usiku, na maonyesho yakafunguliwa tarehe 5 Julai kama ilivyopangwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, ukingo wa mto kwenye viwanja hivyo ulikuwa umegeuzwa bustani ndefu yenye njia za miguu, nyasi na miti. Maji yakija tena yatakuta bustani kwanza. Bustani iliyolowa hukauka. Jengo lililolowa hudai bili.

Mkanda wa kijani kando ya mto una faida hiyo ya wazi: ni kitu kinachoweza kuzama bila hasara kubwa. Lakini ukiishia hapo utakuwa umeuona kama pambo. Kazi yake halisi inafanyika mahali pasipoonekana, ndani ya udongo na katikati ya mashina.

Fikiria uwanja baada ya mkutano wa watu elfu kadhaa. Nyasi zimelala, udongo umeshindiliwa na miguu na magari. Vitundu vidogo ambavyo maji hupenyea vimezibwa, hivyo mvua inayofuata haizami bali hutiririka juu kwa juu, ikichukua vumbi, mafuta ya magari, mabaki ya chakula na chupa. Huko Pontbren, Wales, watafiti walipima jambo linalofanana na hili kwenye malisho ya kondoo. Udongo uliokanyagwa na mifugo ulilinganishwa na ule wa mikanda ya miti michanga iliyopandwa mita chache pembeni, ambako kondoo walizuiwa kuingia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, maji yalipenya chini ya miti kwa kasi hadi mara 60 kuliko kwenye malisho, na miti yenyewe ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Mizizi hufungua njia, minyoo hufuata, majani yaliyooza huushikilia udongo katika chembe kubwa zenye nafasi kati yake. Kwato za kondoo na viatu vya wana-CCM au wana-Chadema havina tofauti kubwa mbele ya udongo.

Kazi ya pili ni kukwamisha. Nyasi nene hupunguza mwendo wa maji, na maji yanayotambaa huangusha mchanga ndani ya mita chache za mwanzo. Udongo wa mfinyanzi ni mbishi zaidi: chembe zake ni ndogo mno, huelea muda mrefu na huhitaji upana mkubwa ili zitue. Ndiyo maana mjadala wa "mita ngapi zinatosha" hauna jibu moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo, ikizuia shughuli za kudumu ndani ya eneo hilo. Ni kipimo kizuri cha kisheria, kwa kuwa kinapimika kwa kamba. Mto wenyewe hauijui kamba hiyo. Mahali pa mchanga mtupu mita 10 zinaweza kufanya kazi kubwa, na mahali pa mfinyanzi ulioshindiliwa mita 60 zikashindwa.

Kazi ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Maji ya Msimbazi yamebeba kinyesi kutoka vyoo visivyo na mfumo wa majitaka, na taka za viwanda na machinjio ya huko juu. Kinyesi kina nitrojeni, ambayo udongoni hugeuka naitreti, na naitreti huyeyuka ikafuata maji popote yaendapo. Nyasi haziwezi kuikwamisha kama mchanga. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoishi kwenye udongo uliolowa kiasi cha kukosa hewa. Viumbe hawa, wakikosa oksijeni, hupumua kwa kutumia naitreti, na huiacha ikiwa gesi ya nitrojeni, ile ile inayojaza sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Wanahitaji vitu viwili tu: unyevu na chakula cha kaboni, yaani majani na mizizi inayooza. Mwaka 1984 watafiti wawili, William Peterjohn na David Correll, walichapisha vipimo vyao kutoka Maryland, Marekani, ambako shamba la mahindi lilitenganishwa na kijito kwa msitu wenye upana wa mita zipatazo 50. Msitu ulizuia takribani asilimia 89 ya nitrojeni iliyoingia humo. Shamba lenyewe lilibakiza asilimia 8. Utafiti huo ulibadili namna wahandisi wa mabonde wanavyoitazama miti ya kingoni.

Hapa ndipo mipango mingi ya kijani huharibika. Bakteria, mizizi na nyasi hufanya kazi pale tu maji yanapopita kwao. Maji ya Dar es Salaam hayapiti huko. Yanapita kwenye mitaro. Mtaro wa zege unaokusanya maji ya Kariakoo au Magomeni huukata mkanda wa kijani na kuyamwaga moja kwa moja mtoni, yakiwa na kila kitu. Unaweza kupanda miti elfu kumi pembeni na maji yasiujue hata mmoja. Wanasayansi wa mabonde wamelieleza hili kwa miongo kadhaa: maji yakishajikusanya kwenye mkondo mmoja, iwe korongo au bomba, upana wa mkanda hauna tena maana. Suluhisho halina uzuri wa kupigiwa picha. Mtaro unatakiwa kuishia kabla ya mkanda, kwenye bwawa dogo la kukamatia mchanga na taka ngumu, kisha maji yasambazwe kwenye ukingo mrefu uliosawazishwa ili yaingie kwenye nyasi yakiwa ukanda mwembamba. Ningepewa michoro ya mradi wowote wa aina hii, ningeanza kutafuta midomo ya mitaro kabla ya kuhesabu miti.

Miti yenyewe haichaguliwi kwa uzuri. Mwongozo uliotolewa mwaka 1991 na Idara ya Misitu ya Marekani uliugawa mkanda katika sehemu tatu: miti isiyokatwa kwenye ukingo wa maji, miti inayoweza kuvunwa katikati, nyasi upande wa nje. Kwa bonde letu mpangilio huo unahitaji majina ya hapa. Mkuyu huzoea kingo za mito tangu zamani na mizizi yake hukamata udongo. Matete na mafunjo hustahimili kuzama. Karibu na Salender, ambako maji ya chumvi huingia, hakuna wa kushindana na mikoko, hasa mchu, na mikoko ya asili ipo tayari. Inahitaji kuachwa zaidi kuliko kupandwa. Upande wa uwanja ziwe nyasi zinazovumilia kukanyagwa, na njia chache pana zilizo wazi kwa ajili ya umati, kwa kuwa watu wakinyimwa njia watajitengenezea kumi.

Wapo watakaouliza kuhusu mbu. Wana hoja, lakini si ile wanayoidhani. Mbu wa malaria aina ya Anopheles gambiae hupenda madimbwi madogo yaliyo wazi juani, kama yale yanayobaki kwenye alama za matairi uwanjani baada ya mvua. Kivuli cha miti humpunguzia makazi. Maji machafu yaliyotuama mtaroni huzalisha Culex, yule anayekera usiku na anayeeneza matende. Mkanda unaopitisha maji na kuyazamisha hupunguza wote wawili. Bwawa la mchanga lililosahauliwa huwazalisha.

Mkanda huu hautazuia mafuriko makubwa. Yeyote anayeahidi hivyo anauza miche. Mafuriko ya mvua kubwa huhitaji nafasi ya mita za ujazo, na nafasi hiyo hupatikana kwa kuchimba, kuinua daraja na kuondoa vilivyo njiani. Ndiyo mantiki ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 Septemba 2022: kuchimba na kupanua mto, kujenga daraja jipya Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi, kulipa fidia na kuhamisha watu, kisha kulifanya eneo la chini kuwa bustani ya jiji. Bustani hapo ni sehemu ya mtambo. Uwanja utaendelea kuzama, ila utazama kwa mpango.

Linalobaki ni watu ambao michoro huwasahau. Kando ya Msimbazi hulimwa mchicha na matembele yanayoliwa jiji zima, na tafiti za vyuo vyetu zimekuta humo metali nzito kama risasi, kutokana na maji yanayomwagiliwa. Kwa sababu ya afya, bustani hizo haziwezi kuachwa zilivyo. Lakini mkanda wa kijani, kwa miaka yake mitatu minne ya kwanza, unataka mtu wa kumwagilia miche kiangazi, kung'oa magugu, na kuzoa mchanga kwenye mabwawa kabla ya Machi. Wakulima hao wanazijua kingo hizo kwa hatua, wanajua maji hupandia wapi kwanza na hukauka wapi mwisho, na wanafika huko alfajiri kila siku. Kuwaajiri kungehitaji kifungu kimoja tu katika bajeti ya matunzo, kifungu ambacho kwa kawaida ndicho cha kwanza kukatwa mradi ukishazinduliwa.