Kosa la Banda Analotwikwa Nguruwe

Katika nyika ya Tsavo, jirani na Mackinnon Road, ngiri akishtuka hukimbia mkia wake umesimama wima kama mlingoti. Mkia huo ni mzima. Nguruwe wengi wanaofugwa kwa wingi duniani hawana mkia mzima: ama ulikatwa na mfugaji wangali wachanga, ama uling'atwa na wenzao.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Nguruwe ni neno kongwe la Kibantu, na asili yake lilimtaja mnyama wa porini. Nguruwe wa kufugwa alipoletwa alilirithi jina hilo, na mwenye jina akalazimika kuongezewa sifa: nguruwe mwitu. Mgeni ndiye amekuwa kipimo, na tabia zake za kifungoni tunazihesabu kuwa ni maumbile yake. (Msomaji asiyemla wala kumgusa anivumilie, hoja hii si ya mezani.)

Kung'atana mikia ni mojawapo ya tabia hizo. Watafiti Stolba na Wood-Gush waliwaacha nguruwe wa kufugwa waishi katika eneo lenye miti na nyasi huko Edinburgh, Uskoti. Walitumia zaidi ya nusu ya mchana wakichimbua na kula majani, na majike wakajenga viota kabla ya kuzaa, sawa na nguruwe mwitu wa Ulaya. Karne nyingi za ufugaji hazikuwa zimefuta kitu. Sasa msonge mnyama huyo pamoja na wenzake juu ya sakafu tupu ya saruji: pua yake itapata kazi gani ila mkia wa jirani? Damu ikitoka, wengine huvutiwa nayo, na kupitia kidondani vijidudu huweza kufika kwenye uti wa mgongo na mapafu, vikaleta majipu.

Dawa iliyozoeleka ni kisu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inakataza kukata mikia kwa mazoea, lakini nchi nyingi wanachama zimeendelea kukata. Sweden na Finland zimeacha, na nguruwe wao wanafugwa.

Hata hivyo, pori si hospitali. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa Kenya, na Montgomery, mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa. Ngiri huambukizwa virusi vyake na kupe wa mashimoni, akavibeba bila kuugua. Nguruwe wa bandani hufa karibu wote. Nguruwe mwitu wa Ulaya naye hufa, kwa maana hakuzoeana na virusi hivyo kwa dahari kama ngiri.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mfugaji wetu ana sababu ya haki ya kujenga ua, na ua huohuo ndio uzaao ung'ataji. Mwalimu wa Kilimo anayefundisha kwamba nguruwe wana "tabia mbaya" amemwonyesha mwanafunzi nusu tu ya jambo. Amwambie pia kwamba ndani ya ua inawezekana kuongeza nafasi, na kutandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi, mradi yatoke mahali ambapo ngiri hawafiki. Mabua hayo wakulima wengine huyachoma moto baada ya mavuno.