Stasi: Polisi wa Siri wa Ujerumani Mashariki

Wizara ya Usalama wa Dola ya Ujerumani Mashariki, iliyojulikana duniani kwa jina la mkato la Stasi, iliundwa tarehe 8 Februari 1950, miezi minne baada ya nchi yenyewe kuzaliwa. Ilijiita ngao na upanga wa chama, na sifa hiyo ilikuwa ya kweli kabisa: haikuwa ngao ya taifa wala ya katiba, bali ya chama tawala cha SED. Wizara hiyo hiyo ilipeleleza nje ya nchi, ilichunguza raia ndani, ilikamata, ilihoji, na ilikuwa na magereza yake. Bunge halikuihoji, wala hapakuwa na mahakama iliyothubutu kuuliza fulani ameshikwa kwa kosa gani.

Walezi wake wa kwanza walikuwa Wasovieti. Tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi waligoma na kuandamana katika mamia ya miji, na utawala ukaokolewa na vifaru vya Kisovieti. Baada ya maasi hayo waziri wa kwanza wa usalama, Wilhelm Zaisser, aliondolewa mwaka huo huo. Aliyemfuata, Ernst Wollweber, naye hakudumu. Mwaka 1957 kiti kikakaliwa na Erich Mielke, mkomunisti wa tangu ujanani, ambaye hakukiachia mpaka mwaka 1989. Hofu ya siku ile ya Juni haikuwatoka viongozi hata kidogo, na mengi ambayo Stasi ilikuja kuyafanya yalikuwa na lengo moja: raia wasije wakainuka tena bila chama kuwa na habari.

Chini ya Mielke wizara ilinenepa mwaka hadi mwaka. Kufikia 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika nchi ya watu wasiozidi milioni 17, yaani mmoja kwa kila raia 180 hivi. Gestapo ya Hitler, iliyotisha Ulaya nzima, haikuwa na watumishi hata nusu ya hao, ingawa Ujerumani ya wakati wake ilikuwa na watu wengi zaidi mara kadhaa. Makao makuu yalikuwa mtaa wa Normannenstraße, Berlin, na chini yake kulikuwa na ofisi katika kila mkoa na karibu kila wilaya.

Hata hivyo, waajiriwa hao hawakuwa ndio nguvu yake kubwa. Nguvu ilikuwa kwa watoa habari, ambao Wizara iliwaita washiriki wasio rasmi na ambao Mswahili angewaita mashushushu. Mwishoni walikadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 190,000. Walikuwa walimu, wauguzi, wachungaji wa makanisa, waandishi, makocha, wanafunzi. Afisa hakuwaokota ovyo. Kwanza alimchunguza mtu kwa miezi: anapenda nini, anaogopa nini, ana deni gani, ndugu yake gani amekimbilia Magharibi. Kisha alimwendea. Kwa kawaida mtu alitia saini hati ya ahadi, akajichagulia jina la siri, na kuanzia hapo akawa anakutana na afisa wake katika nyumba ya faragha ambayo mwenye nyumba aliikodisha au aliiazimisha kwa Wizara.

Wengi hudhani kwamba watu hawa walilazimishwa au walinunuliwa. Wapo waliotishwa, hasa waliokamatwa na kosa wakapewa nafasi ya kulifuta. Fedha zilitolewa pia, lakini kwa kawaida zilikuwa kidogo. Majalada yanaonyesha kwamba kundi kubwa lilikubali kwa sababu za kawaida mno: imani ya kisiasa, tamaa ya kupanda cheo, kutaka kusafiri, au raha ya kusikilizwa na mtu mkubwa mara moja kwa mwezi. Wapo pia waliokataa, na mara nyingi hawakupatwa na lolote kubwa. Kuna waliojiokoa kwa kwenda tu kuwasimulia rafiki zao kwamba wamefuatwa, kwani shushushu anayejulikana hana kazi.

Kazi ya kila siku ilikuwa ya mikono. Idara M ilisimamia posta: barua zilifunguliwa kwa mvuke, zikasomwa, zikapigwa picha, zikafungwa tena, hadi 90,000 kwa siku. Idara ya 26 ilisikiliza simu na kutega vinasa sauti majumbani. Wengine walifuata watu barabarani, kamera ikiwa ndani ya mkoba au nyuma ya kifungo cha koti. Ilifika mahali harufu za watu zikawekwa akiba. Mtu aliyeitwa kuhojiwa alikalishwa kiti chenye kitambaa, na alipoondoka kitambaa kikatiwa ndani ya chupa na kufunikwa, ili mbwa aweze kumtambua siku yatakapookotwa makaratasi ya uchochezi. Chupa hizo zipo mpaka leo katika majumba ya makumbusho, na wageni hucheka wanapoziona.

Gereza lake lililojulikana zaidi, Hohenschönhausen, halikuchekesha. Katika miaka ya mwanzo wafungwa walifungiwa katika vyumba vya chini visivyo na madirisha na kupigwa. Baadaye, nchi ilipoanza kutafuta heshima ya kimataifa, kipigo kilipungua na upweke ukachukua nafasi yake. Mfungwa aliitwa kwa namba. Alisafirishwa katika gari dogo lililopakwa maandishi kama la kuuzia samaki au mikate, asijue yuko mji gani. Katika korido taa nyekundu iliwaka ili wafungwa wawili wasikutane hata kwa macho, na usiku taa ya chumbani iliwashwa kila baada ya muda mfupi. Baada ya wiki kadhaa za hali hiyo, mhoji ndiye binadamu pekee wa kuzungumza naye. Wafungwa wa kisiasa walikuwa pia bidhaa: tangu miaka ya mwanzo ya 1960 hadi 1989 Ujerumani Magharibi iliwakomboa zaidi ya 33,000 kwa fedha na mali.

Mwezi Januari 1976 Mielke alitoa mwongozo namba 1/76, ambao ndani yake imo mbinu ya kumsambaratisha mtu bila kumkamata. Lengo lilikuwa kumvunja mpinzani ndani ya maisha yake. Barua isiyo na jina ilimfikia mke kuhusu hawara asiyekuwepo. Kazini mtu alianza kushindwa bila sababu. Uvumi ulienezwa kwamba yeye mwenyewe ndiye shushushu. Kuna waliorudi nyumbani wakakuta picha zimehamishwa ukutani, hakuna kilichoibwa, na kila waliyemsimulia akadhani wamerukwa na akili. Ubaya wa mbinu hiyo ni kwamba aliyefanyiwa hakuwa na kovu la kumwonyesha hakimu, na wengi hawakujua hadi walipoyasoma majalada yao.

Nje ya nchi kazi ilikuwa ya tawi la ujasusi lililoongozwa na Markus Wolf hadi mwaka 1986. Jasusi wake maarufu zaidi, Günter Guillaume, alifika hadi ofisi ya Kansela Willy Brandt wa Ujerumani Magharibi. Alikamatwa Aprili 1974 na Brandt akajiuzulu mwezi uliofuata. Tawi hilo lilifika pia pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wolf alisimulia katika kumbukumbu zake alivyosafiri kwenda visiwani mwaka huo na jinsi washauri wa Wizara walivyobaki kusaidia kuunda idara ya usalama. Wazanzibari wengi hukumbuka zaidi nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani hao.

Kwa yote hayo, Stasi haikuweza kuiokoa nchi. Habari ilikuwa nazo: taarifa zake za mwaka 1989 zilieleza vizuri uhaba wa bidhaa, hasira za wananchi na maelfu waliokuwa wakitoroka kupitia Hungaria. Lakini taarifa hazina faida kwa viongozi wasiotaka kuzisikia. Tarehe 31 Agosti Mielke aliwauliza majenerali wake kama kesho kutazuka tena 17 Juni. Tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, na hakuna aliyetoa amri ya kupiga risasi. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguliwa, na tarehe 13 Novemba Mielke alisimama bungeni akasema kwamba anawapenda watu wote. Wabunge walimcheka.

Maafisa walianza kuchoma na kuchana majalada. Raia waliona moshi, na tarehe 4 Desemba wananchi wa Erfurt, wanawake wakiwa mbele, waliivamia ofisi ya mkoa. Miji mingine ikafuata, na tarehe 15 Januari 1990 ikawa zamu ya makao makuu. Kilichookolewa kilijaza rafu za urefu wa kilomita 111. Sheria ya Desemba 1991 iliruhusu kila mtu kusoma jalada lake, na usomaji ulianza Januari 1992 chini ya Joachim Gauck, mchungaji aliyekuja kuwa Rais wa Ujerumani. Mwanasiasa Vera Lengsfeld alijua hapo kwamba aliyekuwa akimripoti ni mumewe.

Mielke alihukumiwa kifungo mwaka 1993, lakini kwa mauaji ya polisi wawili ya mwaka 1931, si kwa kazi yake ya uwaziri. Mwaka 2021 majalada yalihamishiwa chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Maafisa waliacha mifuko ipatayo 16,000 ya karatasi zilizochanwa. Tangu 1995 watumishi wameunganisha kwa mkono zaidi ya kurasa milioni 1.5, mradi wa kutumia kompyuta ulisimama kwa sababu vipande ni vidogo mno na vingi mno, na karatasi za sehemu kubwa ya mifuko bado hazijaunganishwa.