MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: VPN INAPOKATAA KATIKA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa majumbani mwao wanapewa maelezo haya ili waweze kuchunguza wenyewe sababu za kukataa kwa mawasiliano ya VPN, kabla ya kumwita fundi au kufunga safari hadi ofisini.

VPN ni njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti ya kawaida. Programu iliyomo katika kompyuta huufumba ujumbe kwa maandishi ya siri, ukasafirishwa hadi kwenye seva ya ofisi, na huko ukafumbuliwa. Kwa njia hiyo, orodha ya mishahara au jalada la mgonjwa huweza kupita penye watu wengi bila ya kusomeka. VPN inapokataa, kishawishi cha mtumishi ni kuituma hati kwa barua pepe yake binafsi ili kazi isilale. Hilo ndilo jambo la kuepukwa, kwani kazi iliyochelewa hufanywa kesho, lakini siri iliyotoka hairudi.

KWANZA: INTANETI YENYEWE. Programu ya VPN ifungwe, kisha ufunguliwe ukurasa wowote wa kawaida. Usipofunguka, kosa haliko katika VPN. Ruta izimwe kwa nusu dakika na kuwashwa tena, na kifurushi kiangaliwe kama hakijamalizika. Mara nyengine hitilafu huwa mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo hakuna cha kutengenezwa nyumbani ila kusubiri.

PILI: TAREHE NA SAA. Kompyuta iliyozimwa kwa muda mrefu, na ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha, huweza kuirudisha tarehe nyuma kwa miaka. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kompyuta inayodhani kuwa mwaka ni 2015 hukiona cheti hicho kuwa hakijaanza kutumika, ikakikataa. Tarehe ikisahihishwa, tatizo huondoka bila ya kugusa jambo jengine.

TATU: NAMBA YA KOSA. Katika Windows, namba 691 huonesha kwamba jina au neno la siri halikukubaliwa. Pengine muda wa neno hilo umepita, au herufi kubwa zimewashwa bila ya mwenyewe kujua. Namba 868 humaanisha kuwa jina la seva halikutambulikana. Hivyo maandishi yake yakaguliwe. Namba 809 humaanisha kwamba seva haikujibu, na mara nyingi ni kwa sababu kuna kizuizi njiani.

NNE: VIZUIZI VYA NJIANI. Kila aina ya VPN hupita katika milango yake yenye namba. IKEv2 hutumia mlango wa 500 na wa 4500, na OpenVPN kwa kawaida hutumia wa 1194. Ruta au programu ya kinga huweza kuifunga milango hiyo. Kipimo chepesi ni kuiunganisha kompyuta na intaneti ya simu ya mkononi. VPN ikikubali kwa simu na kukataa kwa ruta, yaelekea kosa liko katika ruta au kwa mtoa huduma wa nyumbani. Ikikataa kote kuwili, ichunguzwe kompyuta, au iulizwe ofisi.

TANO: VPN IMEKUBALI LAKINI MAFAILI HAYAONEKANI. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1. Ikiwa ofisi nayo inatumia anwani hizo hizo, kompyuta huitafuta seva humo humo nyumbani isiione, mfano wa barua iliyoandikwa nambari ya nyumba bila ya jina la mtaa. Dawa yake ni kubadilisha anwani za ruta ya nyumbani, kwa mfano ziwe 192.168.57.

Aidha, watumiaji wanatahadharishwa kutoizima programu ya kinga na kuiacha hivyo, kutotumia VPN za bure zisizojulikana mwenyewe kwa shughuli za ofisi, na kuachana na aina ya PPTP, iliyobuniwa katika miaka ya 1990 na ambayo ulinzi wake umekwisha kuvunjwa. Wananchi wanakumbushwa vilevile kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa tangazo lake la Oktoba 2023, iliwataka watu binafsi na kampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa za matumizi hayo ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Hivyo, kila mtumiaji ahakikishe kuwa anafuata taratibu.

Baada ya hatua hizo zote, ikiwa mawasiliano bado yamekataa, mtumishi aandike namba ya kosa, saa lilipotokea na mambo aliyokwisha kuyajaribu, ampelekee fundi wa ofisi yake. Karatasi hiyo humpunguzia fundi kazi ya kubahatisha. Neno la siri lisiandikwe humo, wala asipewe mtu yeyote, hata fundi mwenyewe.