Unampeleka mtoto Pangani likizo hii? Anza na chandarua

Maji ya Mto Himo huingia Ruvu, hupita Bwawa la Nyumba ya Mungu na mwisho humwagika baharini Pangani. Likizo ya Juni ni wakati mzuri kwa familia za huku mlimani kuyafuata. Masika yameisha na joto la Pwani limepungua. Lakini mtoto aliyezoea baridi ya mlima anahitaji maandalizi.

Njiani

Kwa basi utapita Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza hadi Tanga, kisha unashuka kusini hadi Pangani. Safari inaweza kumaliza siku, hivyo ondoka alfajiri. Mtoto anayetapika garini apewe chakula kidogo kidogo, na akae anapoweza kuona mbele.

Machungwa ya Muheza nunua mazima, umenye mwenyewe kwa mikono safi. Matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi yaache. Beba maji ya kutosha pamoja na pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi na umpe kidogo kidogo, kisha mpeleke kituo cha afya. Aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama pekee, hata kukiwa na joto.

Mbu

Mbu wa malaria hupenda joto. Juu Marangu au Kilema ni wachache, hivyo mwili wa mtoto wa huko haujajijengea kinga kama ya mwenzake wa Pwani. Beba chandarua chenye dawa hata kama nyumba ya wageni imekuahidi chake, maana kinaweza kuwa kimetoboka. Jioni mvishe nguo ndefu.

Bahari na mto

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ufukwe mliouacha mpana asubuhi unaweza kumezwa mchana. Waulize wavuvi saa za maji kabla ya watoto kuingia, na mtoto asiwe mbali na mkono wako, hata kama maji yanamfika magotini tu. Juni pia kuna upepo wa kusi, na mawimbi huwa makubwa.

Mto Pangani si wa kuogelea. Una mamba, na pale unapokutana na bahari mkondo ni mkali.

Mkienda Kisiwa cha Maziwe, fahamuni kuwa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hufunikwa. Kabla ya kulipa, hakikisha mashua ina jaketi okozi la kumtosha mtoto. La mtu mzima humvuka.

Jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni mkwepeni kivulini. Kofia na fulana ya mikono mirefu husaidia.

Mkilala Ushongo

Hospitali ya Wilaya iko Pangani mjini, kaskazini mwa mto. Ushongo iko kusini. Mkifika tu, uliza jinsi ya kuvuka usiku mtoto akizidiwa, na uhifadhi namba ya mwenye gari. Kadi ya kliniki na ya bima zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Mkisharudi

Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto anaweza kucheza likizo nzima, homa ikaja akiwa kitandani kwake. Apimwe siku hiyohiyo, na mwambie mhudumu kuwa mlikuwa Pwani. Dawa ya kutuliza homa isikudanganye kwamba amepona, na usimpe dawa ya malaria bila kipimo.

Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, usisubiri kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.