Uvira: Simu ya nyumbani kupitia intaneti, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Katika mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, jimbo la Kivu Kusini, mtu akisema simu anamaanisha ile ya mfukoni. Simu ya mezani, yenye waya unaotoka kwenye nguzo ya barabarani, ilikuwa ya ofisi, misheni na matajiri wachache. Shirika la serikali la posta na simu, OCPT, ambalo leo linaitwa SCPT, halikuwahi kufikisha waya katika nyumba za wakaaji wengi wa nchi hii.

Simu za mkononi ziliruka hatua hiyo. Kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilianza kuziuza Kinshasa katika miaka ya 1980, wakati nchi ikiitwa Zaire. Leo Vodacom, Airtel na Orange ndizo zinazobeba sauti za watu wa Kongo mashariki.

Sasa simu ya nyumbani inaweza kurudi kwa njia nyingine: intaneti. Nchi nyingi zimekwisha kuhamia huko. Swali kwa familia ya Kilibula ni moja: je, itaita usiku, umeme ukiwa umekatika na mto unapanda?

Inavyofanya kazi

Kimsingi ni kazi ile ile ya simu ya WhatsApp, iliyoanza kutolewa mwaka 2015. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, inageuzwa kuwa namba, inakatwa vipande vidogo, kisha vipande hivyo vinapita kwenye intaneti na kuunganishwa upande wa pili.

Tofauti ni kwamba simu ya nyumbani ya intaneti ina namba yake ya kawaida. Nyumbani kunawekwa kisanduku kidogo kilichounganishwa na ruta, na simu ya mezani inachomekwa humo. Anayepiga hahitaji WhatsApp wala mega. Bibi mwenye simu ndogo ya vitufe kule Fizi anaweza kuipigia kwa yunite zake.

Mazungumzo ya saa moja yanakula kati ya mega 30 na 80 hivi, kulingana na namna sauti inavyobanwa. Lakini vipande vya sauti havipendi kuchelewa. Vikichukua zaidi ya milisekunde 150 kufika, watu wanaanza kukatizana maneno. Ndiyo maana satelaiti za zamani, zilizo kilomita karibu 36,000 juu, zilikuwa taabu kwa mazungumzo, wakati zile za Starlink, zilizo kilomita 550 hivi, zinabeba sauti vizuri. Mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, ARPTC, iliikataza Starlink mwezi Machi 2024, kisha ikaipa leseni mwezi Mei 2025.

Kwa nini kampuni zinaipenda

Zamani, kuanzisha huduma ya simu kulitaka sentrali kubwa, jengo lake na waya hadi kila nyumba. Leo sentrali ni programu inayokaa kwenye kompyuta. Kampuni ndogo inayouza intaneti mtaani inaweza kukodi sentrali hiyo kwa kampuni nyingine iliyo mbali, ikaweka jina lake juu, na kuanza kuuza simu kwa wateja ilionao tayari.

Hapo ndipo mteja anatakiwa kuwa makini. Akiwa na shida, kampuni anayoijua inaweza kumwambia kwamba kosa ni la yule mwenye sentrali, ambaye mteja hamjui wala hana mkataba naye.

Pia kukodi sentrali hakutoshi. Sheria namba 20/017 ya Novemba 25, 2020 kuhusu mawasiliano inataka anayetoa huduma awe na ruhusa ya serikali, na namba za simu zinasimamiwa na ARPTC. Tena lazima kuwe na mapatano na kampuni kubwa za simu, la sivyo namba hiyo haitaweza kupiga wala kupigiwa na Vodacom au Airtel.

Umeme ukikatika

Simu ya waya ya zamani ilipata umeme wake kutoka sentrali, volti 48 zilizopita kwenye waya ule ule wa sauti. Mtaa mzima ungeingia giza, simu bado ingeita. Simu ya intaneti haina msaada huo. Ruta ikizimika, nayo inazimika.

Uingereza imeliona tatizo hili. Nchi hiyo inaondoa simu za waya wa shaba hadi Januari 2027. Tarehe ya kwanza ilikuwa Desemba 2025, lakini ikasogezwa baada ya kuonekana kwamba wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuitia msaada wanaweza kuachwa bila mawasiliano. Huko kampuni zinatakiwa kumpa anayetegemea simu hiyo njia ya kupiga namba za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika.

Uvira, saa moja ni kidogo. Ruta na kisanduku chake vinatumia karibu wati 10. Batri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 inaweza kuvishikilia saa tano au sita, ikiwa nzima na imejaa. Paneli ndogo ya jua inasaidia kuijaza mchana. Watu wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu makumi na kubomoa maelfu ya nyumba. Katika usiku kama huo, simu ya mkononi yenye chaji ndiyo tegemeo.

Kuna na kukatwa kwa makusudi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, serikali ilifunga intaneti katika nchi nzima kwa siku zipatazo 20. Simu za kawaida ziliendelea. Simu ya nyumbani ya intaneti ingekuwa kimya.

Ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa duka, zahanati, shule au familia yenye ndugu wengi Amerika na Ulaya, huduma hii inaweza kupunguza gharama na kutoa namba moja isiyobadilika. Lakini kabla ya kutoa pesa, uliza mambo matano:

– Kampuni ina ruhusa ya ARPTC?
– Namba inapokea simu kutoka mitandao yote?
– Batri imo katika bei, na inakaa saa ngapi?
– Mega za sauti zinatoka kwenye forfe yako ya kila siku?
– Nikihama kampuni, namba nabaki nayo?

Jibu lolote lililo muhimu kwako liandikwe kwenye mkataba. Na kadi SIM ya mkononi usiitupe.