Deni Likikubana, Usikope Jingine

Wengi wetu tumekopa. Mavuno yakiwa mabaya, tunashindwa kulipa. Hapo mtu hukopa kwingine ili alipe deni la kwanza. Huko ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Msaada upo, tena wa bure. Tangu mwaka 2017 Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa watu wasio na uwezo. Wasaidizi wa kisheria hawaruhusiwi kututoza fedha. Mwulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, atakuelekeza kwao.

Usiende mikono mitupu. Chukua mkataba na stakabadhi zote. Andika ulikopa kiasi gani, umelipa kiasi gani, umebakiza kiasi gani. Msaidizi atakueleza haki yako. Anaweza pia kukupatanisha na mkopeshaji, ulipe kidogo kidogo.

Je, mkopeshaji ana leseni? Kwa sheria ya mwaka 2018, kampuni au mtu anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Mwambie akuonyeshe.

Basi tusione haya. Twende mapema, kabla bati halijang'olewa. Kusoma tumejua, sasa tukutumie.